Njia Ipi Itufaayo? Mazungumzo juu ya Kuupanda Mlima Kilimanjaro



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mlima ambao kila mtoto wa Afrika Mashariki hulisikia jina lake kabla hajajua kusoma, nao ni Kilimanjaro. Hatukusudii kuwasifia uzuri wake, maana sifa zake zimekwisha kusemwa na wengi. Twataka kunena neno moja tu, dogo kwa kulitazama, kubwa kwa matokeo yake: mtu akiisha kuazimia kuupanda mlima huo, aifuate njia ipi?

Swali hili huulizwa mara nyingi, na aghalabu huulizwa hivi: "Njia iliyo nyepesi ni ipi?" Wengine husema, "Iliyo fupi ni ipi?" Na wengine, kwa kuwa fedha haiokotwi barabarani, huuliza, "Iliyo rahisi kwa bei ni ipi?" Maswali hayo yote ni ya haki. Walakini tukiyajibu kama yalivyoulizwa twaweza kuwapoteza wenye kuuliza. Kwa sababu katika mlima huu njia fupi yaweza kumrudisha mtu nyumbani bila kufika, na njia nyepesi kwa miguu yaweza kuwa nzito kwa kichwa na kifua. Swali lililo bora ni hili: Je, njia hii itaupa mwili wangu siku ngapi za kuizoea hewa ya juu? Mwenye kulijibu hilo vema amekwisha kuchagua nusu ya safari yake.

Kwanza na tuutazame mlima wenyewe. Kilimanjaro si kilele kimoja, bali ni milima mitatu iliyozaliwa na moto wa ardhini: Shira upande wa magharibi, Kibo katikati, na Mawenzi upande wa mashariki. Shira umekwisha kubomoka zamani, ukabaki uwanda mpana. Mawenzi una urefu wa mita 5,149, nao ni magenge matupu yasiyowafaa ila mafundi wa kamba. Kibo ndio wenye kilele kirefu, mita 5,895 juu ya bahari, yaani futi 19,341. Kilele hicho chaitwa Uhuru. Ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipousimamisha mwenge na bendera, Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 UNESCO wakaiandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000. Basi kati ya mji huo na kilele pana kimo cha karibu mita 5,000, na katika kimo hicho msafiri huzipita nchi tano kama mtu afunguaye kurasa za kitabu: kwanza mashamba ya kahawa na migomba, kisha msitu wa mvua, kisha nyika ya majani na vichaka, kisha jangwa la mawe na baridi, na mwisho barafu. Kila mwenye macho huyaona mabadiliko hayo. Lakini liko badiliko moja lisiloonekana kwa macho, na hilo ndilo lenye kuua.

Tutwae mfano wa magunia ya sufi yaliyopangwa ghalani, moja juu ya jingine hadi darini. Gunia la chini hugandamizwa na yote yaliyo juu yake, na sufi yake hushikamana. Gunia la juu kabisa halina kitu cha kuligandamiza, nayo sufi yake imelegea. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Sisi tukaao Mombasa au Dar es Salaam twavuta hewa ya gunia la chini. Apandaye Kibo avuta hewa ya gunia la juu. Huko kileleni pumzi moja huleta oksijeni ipatayo nusu tu ya ile iletwayo na pumzi moja ya pwani. Mapafu ni yale yale, kifua ni kile kile, ila mapato yamepungua nusu. Na matumizi yameongezeka, kwa kuwa mtu anapanda.

Mwenyezi Mungu ameupa mwili wa binadamu uwezo wa kuizoea hali hiyo. Mtu huanza kuvuta pumzi upesi zaidi, moyo huenda mbio, damu hujirekebisha, na baadaye chembe nyekundu za damu huongezeka. Ila kazi hii yataka siku, wala haina mkato. Mtu akiupandisha mwili upesi kuliko unavyoweza kujirekebisha, hushikwa na maradhi ya mwinuko. Dalili zake za kwanza ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu, na uchovu usio na sababu. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zimwondokee. Akikaidi, yaweza kumfika mojawapo ya mambo mawili mazito. La kwanza ni maji kuingia mapafuni: mgonjwa huhema hata akiwa ameketi, hukohoa, na pengine hutoa povu lenye damu. La pili ni ubongo kuvimba: mgonjwa hupepesuka kama mlevi, maneno humpotea, hata asijue alipo. Hapo hapana cha kungojea asubuhi. Tiba iliyo kuu ni kushuka, na kushuka mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Tena maradhi haya hayana heshima kwa nguvu za mtu. Mcheza mpira na mwanajeshi hushikwa nayo sawasawa na karani akaaye mezani mchana kutwa. Na pengine mwenye misuli huponzwa na misuli yake, kwa sababu humpeleka juu upesi kuliko damu yake ilivyo tayari. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Viongozi wa Kilimanjaro wamelifupisha neno hilo, wao husema tu, "Polepole."

Na mlima huu wenyewe una ushahidi wa jambo hilo tangu siku za kwanza. Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu kuupanda mwaka 1887 akashindwa. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, hakuja na nguvu mpya za mwili, bali alikuja na shauri jipya. Aliweka kambi mbalimbali juu ya mlima, na wapagazi wakawaletea chakula, hata wakaweza kukaa huko juu na kujaribu tena na tena. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa kreta ya Kibo, nao wakiwa wamechoka mno na mchana umekwenda, wakarudi chini. Wakapumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 Oktoba wakakikanyaga kilele. Watu wa Marangu wamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, mwenzao, kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Basi mwaka ule mlima ulishindwa kwa siku, wala haukushindwa kwa mbio.

Sasa twaweza kuzipima njia zetu, nasi tutatumia vipimo viwili. Kipimo cha kwanza ni ushauri wa madaktari wajuao mambo ya milimani: mtu akiisha kupita mita 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku moja, na kila baada ya siku tatu au nne apate siku ya kutopandisha malazi yake. Kipimo cha pili ni desturi ya wapanda milima wote: mchana panda juu, usiku shuka ulale chini. Mchana mwili huonjeshwa hewa hafifu, na usiku hupewa nafasi ya kujitengeneza.

Njia iliyo kongwe na mashuhuri ni ya Marangu, upande wa kusini-mashariki. Ndiyo peke yake yenye nyumba za kulala wapandaji, ambapo katika njia nyingine watu hulala mahemani. Mteremko wake ni wa taratibu, na kwa ajili hiyo watu wameipachika jina la Coca-Cola, kana kwamba ni kinywaji kitamu cha kumaliza kiu. Jina hilo limewadanganya wengi. Hebu tuhesabu. Nyumba za Mandara ziko mita 2,720. Za Horombo mita 3,720. Za Kibo mita 4,720. Kila siku malazi hupanda mita 1,000, yaani maradufu ya kipimo cha madaktari. Mwenye kununua safari fupi ya siku tano akilala Moshi Jumapili, Jumatatu hulala Mandara, Jumanne Horombo, Jumatano hujinyosha kidogo pale Kibo, na usiku wa manane huamshwa aanze kupanda. Alfajiri ya Alhamisi atakiwa awe ukingoni mwa kreta, mahali paitwapo Gilman, mita 5,685, na kisha afuate ukingo hadi Uhuru. Siku hiyo hiyo hushuka mpaka Horombo: amepanda mita 1,175 na kushuka mita 2,175 bila ya usingizi. Njia ni nyepesi kwa miguu, naam. Lakini mwili umepewa siku tatu tu kwa kazi inayotaka juma zima.

Je, twasema njia ya Marangu ni mbaya? Hasha! Twasema siku tano ni chache. Iongezwe siku ya sita, mpandaji alale Horombo mara mbili. Na mchana wa siku ile ya katikati apande taratibu hadi kwenye miamba yenye milia kama punda, karibu mita 4,000, kisha arudi alale pale pale. Njia hii ina wema mwingine pia: ya kupandia ndiyo ya kushukia, hata mgonjwa aweza kuteremshwa moja kwa moja bila ya kuvuka bonde wala genge.

Njia ya pili ni ya Machame, upande wa kusini-magharibi, nayo hupendwa sana siku hizi. Hii wameiita Whisky, kuonyesha kuwa ni kali. Ni kali kweli kwa miguu, kwa kuwa hupanda na kushuka mabonde, na iko asubuhi moja ambapo mtu huupanda ukuta wa mwamba wa Barranco kwa mikono na miguu, ingawa bila ya kamba. Lakini itazameni kwa vipimo vyetu. Usiku wa kwanza mtu hulala chini kidogo ya mita 3,000, na wa pili katika uwanda wa Shira, kama mita 3,800. Hapo kipimo chavunjwa, nasi hatufichi. Lakini siku ya tatu hupanda hadi mnara wa mwamba uitwao Lava Tower, kama mita 4,600, akala chakula chake cha mchana kichwa kikimgonga, kisha akashuka kulala Barranco, kama mita 3,900. Hiyo ndiyo desturi ya kupanda juu na kulala chini, nayo haikubuniwa na mtu. Mlima wenyewe umeichonga hivyo.

Hapa nako siku zahitaji kuangaliwa. Safari ya siku sita humtoa mtu Barranco na kumfikisha siku hiyo hiyo kambi ya Barafu, karibu mita 4,670, na usiku ule ule huanza kupanda kileleni. Safari ya siku saba humlaza kwanza Karanga, kama mita 4,000, akafika Barafu mapema kesho yake na kupata alasiri nzima ya kupumzika. Tofauti ni siku moja tu. Ila mara nyingi siku hiyo ndiyo itenganishayo kati ya aliyefika na aliyegeuzwa njiani.

Njia ya tatu ni ya Lemosho, itokayo magharibi kwa lango la Londorossi. Huanza msituni taratibu, ikauvuka uwanda wa Shira, kisha ikaungana na njia ya Machame kabla ya Barranco. Kwa kawaida huchukua siku saba au nane. Iko na nyingine iliyo ndefu zaidi, ambayo kutoka Shira huuzunguka mlima kwa upande wa kaskazini, na kwa kawaida huchukua siku tisa. Njia hizi mbili zina gharama kubwa, kwa kuwa kila siku ina ada yake ya hifadhi, chakula chake na ujira wake. Lakini kwa afya ya mpandaji hizi ndizo zenye huruma kuliko zote.

Njia ya nne ni ya Rongai, upande wa kaskazini-mashariki, karibu na mpaka wa Kenya. Upande huo mvua ni chache, kwa sababu mawingu ya bahari huumwaga mzigo wao kusini. Mteremko wake ni mpole na watu si wengi. Afuataye njia hii na achague ile safari ya siku saba, ipitayo na kulala karibu na kiziwa kilicho chini ya magenge ya Mawenzi, kama mita 4,300, kabla ya kwenda Kibo. Kushuka ni kwa njia ya Marangu.

Njia ya tano ni ya Umbwe. Hii ni fupi, nayo hupanda mgongo wa mlima kama ngazi hadi Barranco. Mara nyingi huchaguliwa na vijana watafutao sifa. Sisi twasema, aiache kila mtu isipokuwa yule ambaye mwili wake umekwisha kuizoea hewa ya juu kwa kupanda mlima mwingine siku chache zilizotangulia.

Na hapa hatuna budi kutaja mahali pa sita, si kwa kupasifu bali kwa kuonya. Upande wa magharibi wa Kibo liko pengo katika ukuta wa kreta, na watu hupitia hapo wapate kufika kileleni kwa mkato. Mwezi wa Januari mwaka 2006 mawe yaliporomoka katika pengo hilo yakawaua wapandaji watatu. Barafu ya Kilimanjaro imepungua sana. Tangu mwaka 1912 hata 2000 karibu sehemu nane katika kumi zilitoweka. Na palipokuwa na barafu iliyoyashika mawe kama chokaa ishikavyo matofali, barafu ikiyeyuka mawe hubaki hayana mshikaji. Mtu apandaye mara ya kwanza hana haja yoyote ya kupita huko.

Baada ya njia, majira. Masika yaanza Machi na kwisha Mei. Vuli ni Novemba hata katikati ya Desemba. Nyakati hizo njia za kusini na magharibi huwa tope na utelezi, na mahema hulowa yasikauke. Mwenye kulazimika kusafiri wakati wa mvua na atazame Rongai kwa ukavu wake, au Marangu kwa nyumba zake. Miezi mizuri ni Januari na Februari, na tena Juni hata Oktoba; ila ajue kuwa usiku wa kilele katika miezi ya kipupwe baridi yake ni kali, hata maji hugandia katika chupa.

Tena na tukumbuke kushuka. Wengi huchagua njia kwa kutazama juu, wakasahau kuwa magoti hulipa deni siku ya kurudi. Wapandao kwa Machame, Lemosho na Umbwe kwa kawaida hushuka kwa njia ya Mweka, nayo ni ya mteremko mkali. Mwenye goti bovu na aizingatie Marangu, ambako mteremko ni wa pole, na achukue fimbo mbili za kutembelea.

Sasa tutwae mifano, maana maneno bila mifano ni kama chakula bila chumvi. Tuseme wako walimu wanne wa Morogoro wenye likizo fupi na akiba ndogo, na mmoja wao ni mama aliyepita miaka hamsini. Wameambiwa kuwa Marangu kwa siku tano ndiyo yenye bei ya chini. Shauri letu kwao ni hili: wabaki na Marangu, lakini wanunue siku ya sita, hata ikiwapasa kungoja mwaka mmoja zaidi ili akiba ikue. Aliyelipa siku tano akageuzwa Kibo kwa kutapika, huyo ndiye aliyenunua ghali. Tena mwendo wao na uwe mwendo wa yule mama, si wa kijana wao, kwa maana msafara hupimwa kwa aliye nyuma.

Tuseme tena yuko kijana wa Nairobi, mkimbiaji, mwenye siku tisa na fedha za kutosha, naye ataka Umbwe kwa kuwa rafiki zake watastaajabu. Huyo twamwambia: mbio zako ni neema, ila damu yako haijui kuwa wewe ni mkimbiaji. Twaa Lemosho kwa siku nane. Na kama hutaki kuiacha Umbwe, kapande kwanza Mlima Meru katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mlima huo una mita 4,566, una nyumba za kulala za Miriakamba na Saddle, na huongozwa na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Ukitoka huko mwili wako utakuwa umekwisha kujifunza somo lake la kwanza.

Na tuseme yuko mzee ambaye ataka tu kuiona Kilimanjaro kwa karibu, wajukuu wakiwa naye. Huyu hana haja ya kilele. Na aende Marangu kwa siku moja, apite msituni hadi Mandara na kreta ndogo ya Maundi iliyo karibu yake, kisha arudi nyumbani jioni. Naye ameupanda mlima, mtu asimdharau.

Kuna na wale ambao njia yao ya kwanza ni ya kwenda kwa daktari. Mwenye maradhi ya moyo au ya mapafu asipande bila shauri lake. Na khasa mwenye selimundu, ugonjwa tuujuao sana katika nchi zetu: upungufu wa oksijeni ndio uzigeuzao chembe za damu yake kuwa kama mundu, na huko juu oksijeni ni haba. Hata aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa siku zote nyumbani, na aulize kwanza. Dawa ya asetazolamidi, itolewayo na madaktari, husaidia mwili kuzoea. Lakini dawa haibadilishi siku tatu kuwa saba.

Sheria ya hifadhi haimruhusu mtu kupanda kileleni bila kiongozi mwenye leseni, kwa hiyo kila msafiri atapatana na watu wa kumwongoza. Kabla ya kutoa fedha, na aulize maneno haya. Nitalala wapi kila usiku, na kwa kimo gani? Ni siku ipi nitakayopanda juu na kulala chini? Usiku wa kilele utatanguliwa na mapumziko ya saa ngapi? Kiongozi atapima afya yangu kila jioni? Nikiugua, nitashuka na nani, ikiwa wenzangu wanaendelea? Mwenye kujibu hayo kwa ufasaha, huyo ni mtu wa kupatana naye. Mwenye kujibu, "Usijali, wote hufika," na aachwe, maana si wote wafikao.

Na aulize neno moja zaidi: wapagazi watalipwa nini, na watakula nini, na watalala wapi? Kanuni za hifadhi zaweka kilo 20 kuwa kikomo cha mzigo wa mpagazi. Safari inapouzwa kwa bei ya chini kupita kiasi, upungufu hutoka mahali fulani. Aghalabu hutoka katika siku za mpandaji au katika sahani ya mpagazi. Watu hao nao wana vichwa viumavyo na mapafu yajazwayo maji. Njia haiwezi kuitwa njema ikiwa imemfikisha mmoja kileleni kwa kumvunja mwingine mgongo.

Mabibi na mabwana, twalifunga neno letu. Iwapo mmechagua vema njia, siku na viongozi, bado yaweza kutokea kwamba usiku ule wa mwisho, kwenye mawe madogo yatelezayo, kiongozi akamulika taa usoni mwa mmoja wenu, akamwuliza jina lake na la mji wake, akaona majibu yanachelewa, akasema, "Twarudi." Hapo asibishane naye. Fedha imekwisha kulipwa, rafiki wanangoja picha, kilele chaonekana karibu. Yote hayo ni kweli, wala hayana uzito wa pumzi moja. Hans Meyer naye alirudi tarehe 3 Oktoba, ndipo akafika tarehe 6. Mlima hauna miguu. Mwakani utakuwa pale pale ulipo. Lililo juu yetu ni kuhakikisha ya kuwa nasi tutakuwapo.

Kwaherini, na safari njema.